Dawa za kutibu maji wakati wa mafuriko: vidonge, ya chupa, ya unga au bomba la kunyonya? Zote nimezitumia

Kila masika yakikaribia meseji zinaanza. Ndugu, majirani wa zamani, watu niliosoma nao, swali ni lile lile, tununue dawa gani ya maji, na kila mtu ananitumia picha ya pakiti yake tofauti na ya mwenzie. Nimejibu kwa sauti mpaka koo limekauka, kwa hiyo leo naandika yote kwa mkupuo, itakuwa ndefu, vumilieni. Na sijalipwa na kampuni yoyote, ningelipwa mngeona hata simu yangu isingekuwa na kioo kilichopasuka.

Kwetu ni Rufiji. Aprili 2024 mnakumbuka wenyewe, maji yaliingia Rufiji na Kibiti, mpunga na mahindi vikalala chini, watu wakahamia mashuleni na kwenye mahema, mwanzoni mwa Mei kabla hata hapajakauka kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ikakatika Somanga na magari yakabaki pale pale. Mjadala wa bwawa la umeme la Nyerere na nani kafungulia nini nawaachia wenye mjadala wao. Ninachotaka kusema ni kwamba watu wakiona picha za mapaa yanayochungulia kwenye maji wanadhani shida ndo hiyo, kumbe ile ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni visima vifupi vimeingiliwa, vyoo vya shimo vimefurika, na hayo mawili yakishakutana kinachochotwa kisimani ni choo chenye maji, samahani kwa mnaokula.

Nilichotumia mimi na watu wa nyumbani: WaterGuard ya chupa, vidonge (WaterGuard na Aquatabs), vile vipakiti vya unga vya P&G, na LifeStraw, lile bomba la kunyonyea maji huku linayachuja, ambayo binamu yangu alipewa na mzungu mmoja mpanda milima.

Naanza na vidonge maana ndo vitu ambavyo mtu wa kawaida anavipata duka la dawa. Kidonge cha kawaida cha miligramu 67 ni cha ndoo ya lita 20, unatumbukiza, kinachemka chemka kidogo kinayeyuka, unafunika, unasubiri nusu saa, unakunywa. Basi. Hakuna kukoroga sijui kuchuja sijui nini kama maji yako ni meupe. Strip moja ya vidonge kumi ni lita 200, na ukipiga hesabu kwamba mtu anahitaji kama lita 3 za kunywa kwa siku, familia ya watu sita inakula kidonge kimoja kwa siku kwa ajili ya kunywa, ukijumlisha ya kupikia na kuoshea vyombo weka viwili. Bei ni ya kutupa ukilinganisha na katoni la maji ya kampuni, na strip inakaa mfukoni, kwenye pochi, kwenye mkoba wa shule wa mtoto, huwezi kusema ilikushinda kubeba ulivyokuwa unakimbia maji.

Ila vidonge vina mtego na mtego wenyewe ni saizi. Aquatabs kwa mfano zipo za lita moja, zipo za lita 20, zipo kubwa zaidi, na kwa macho zote ni vidonge vyeupe vidogo ndani ya karatasi inayong'aa. Sasa pale kambini shirika moja, jina nalihifadhi, liligawa vya aina moja, wiki ikageuka likaja lingine likagawa vya aina nyingine, maandishi ni Kiingereza tupu kwa wamama ambao hata ya Kiswahili wengine wanasomewa na wajukuu, na hakuna aliyesimama kusema hiki ni cha ndoo na hiki ni cha chupa. Matokeo yake wengine wanatia kidonge cha lita moja kwenye ndoo nzima, hapo umefanya ibada tu hujatibu maji, na wengine wanatia kikubwa kwenye dumu dogo, maji yananuka kiasi kwamba ukisogeza pua machozi yanakutoka, wanamwaga wanarudi mtoni kuchota ya kawaida. Yaani dawa ipo, imefika, imegawiwa, picha zimepigwa, na watu wanakunywa maji machafu. Ukipewa kidonge chochote cha kwanza kuuliza sio jina, uliza hiki ni cha lita ngapi.

Jambo lingine la vidonge, angalia strip kabla hujalipa. Kuna duka la dawa moja niliuziwa strip ambazo karatasi imevimba, kufungua kidonge kimeshakuwa unga unga na rangi sio ile. Unyevu umeingia, nguvu imekwenda. Muuzaji ananiambia dada hii haina shida tia viwili. Sikununua tena pale. Kidonge kizima ni kikavu, kigumu, cheupe, na tarehe inasomeka.

WaterGuard ya chupa sina mengi, ni ile ile klorini ya kwenye vidonge ikiwa kimiminika, unapima na kifuniko chake, kifuniko kimoja kwa ndoo ya lita 20 ya maji meupe, viwili maji yakiwa na rangi, nusu saa. Kwa nyumba iliyotulia naipenda kuliko vidonge maana chupa moja inakwenda sana na mtoto wa darasa la tatu anaweza kupima. Kwa safari ya mtumbwi huku maji yamefika magotini, hapana, kifuniko kinalegea, inamwagikia nguo, na klorini ikigusa kitenge cha mtu utalipa. Na ukishaifungua haikai miaka, joto na jua vinaila taratibu, ile chupa ya mwaka juzi iliyopo dirishani jikoni kwako hebu itupe leo.

Sasa ya unga. Hii ndo nilikuwa naisikia tu, vipakiti vidogo vya P&G, gramu 4 kila kimoja, kwa lita 10. Havipatikani madukani kirahisi, mara nyingi unavikuta vimekuja na msaada. Niwaambie kilichotokea. Maji tuliyokuwa tunachota yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, ukiweka glasi kwenye mwanga huoni upande wa pili. Dada mmoja wa afya akaja na ndoo mbili, mkasi, mwiko na kitambaa. Kakata kipakiti, kamwaga unga wa kijivu, kaanza kukoroga, dakika ya kwanza hakuna kitu, dakika ya pili hakuna kitu, watu wameanza kunong'ona kwamba tunapotezewa muda, halafu kama dakika ya tatu hivi yale matope yakaanza kushikana, vibonge vibonge vya rangi ya kutu vinaogelea kama maziwa yaliyokatika, akaendelea mpaka dakika tano zikaisha akaacha. Vibonge vikashuka chini vyenyewe. Juu pakabaki maji unaona mpaka kitako cha ndoo. Wazee waliokuwa wamekaa pembeni wamenuna wakasogeza viti. Babu mmoja akasema haya ni mazingaombwe, dada akamwambia hapana babu ni chuma hicho, kinayakusanya matope halafu klorini inaua wadudu, ndo wanavyofanya kwenye mitambo ya maji ya mjini, wewe umeletewa mtambo kwenye pakiti.

Na ni kweli, ndani ya kile kipakiti kuna madini ya chuma ya kugandisha uchafu na klorini ya unga, vyote kwa pamoja. Baada ya hapo unamimina kupitia kitambaa cha pamba kinene kisicho na matundu kwenda ndoo ya pili, nasisitiza pamba, kanga nyingine za siku hizi sio pamba, zinapitisha tope, unasubiri dakika 20 ndo unakunywa. Yale mashapo unamwaga chooni, usimwage uani kuku na watoto wakachezea. Na kama maji yamebaki na rangi ya njano baada ya yote hayo, usinywe, rudia.

Kwa maji ya mafuriko hakuna kinachoifikia hii, nasema bila kupepesa. Maana klorini ya kawaida kwenye maji ya matope inahangaika, uchafu unaila klorini kabla haijafika kwa wadudu, ndo maana kila pakiti inakwambia maji yakiwa na rangi ongeza dozi. Ya unga inaondoa tope kwanza. Na kuna kitu hakiandikwi kwenye pakiti, mtu akiona maji yanageuka mbele ya macho yake anaamini. Kidonge hakikuonyeshi kitu, maji yalikuwa meupe yamebaki meupe ila sasa yananuka, mtu anabaki kujiuliza nimetiliwa nini.

Lakini shida zake ni za kweli pia. Unahitaji ndoo mbili, mwiko wa peke yake (usikoroge na mwiko wa ugali jamani), kitambaa, na karibu nusu saa ya mtu mzima aliyetulia, na unapata lita 10 tu. Sasa mtu aliyetoka nyumbani usiku na mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani, hizo ndoo mbili anatoa wapi? Nimeona watu wanapewa vipakiti lundo bila ndoo hata moja. Vikawa vinakaa kwenye kona ya hema vinasubiri panya. Kama wewe unachangisha msaada ofisini au msikitini au kanisani kwenu, mimi naomba, dawa na ndoo ziende pamoja, ndoo ya mfuniko na ikiwezekana ya koki, hata kama itabidi familia zitakazopata ziwe chache.

Kwa ambao unga hamuupati kuna njia ya bibi zetu, shabu. Kale kajiwe kanakouzwa sokoni, unakazungusha kwenye maji ya tope, unaacha yatulie, uchafu unashuka. Sio ushamba, ni dawa ya jamii ile ile ambayo mamlaka nyingi za maji duniani zinatumia kugandisha tope, na mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo zinafanya kazi inayofanana. Kosa ni kuishia hapo. Maji yametakata kwa macho lakini kipindupindu kimo humo humo kinakusubiri. Kwa hiyo shabu, yatulie, mimina taratibu bila kutibua, chuja, ndo utie kidonge. Kwa bajeti ya nyumbani kwetu huo ndo mpangilio tuliobaki nao mpaka leo.

LifeStraw sasa. Najua itawauma wengine maana kwenye picha inapendeza sana, mtoto amepiga magoti anakunywa moja kwa moja kutoka dimbwini. Ile ya mtu mmoja inachuja kwa vitundu vidogo vya maikroni 0.2, bakteria na vijidudu vikubwa inavizuia vizuri kabisa, virusi inaviachia. Kwa mpanda milima au mtu wa kambi ya uwindaji, nzuri. Kwa familia iliyokimbia maji? Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuvuta, bibi asiye na meno anavuta anachoka, huwezi kupikia ugali wala kuosha kikombe, na kwenye hema la watu saba bomba moja linapita mdomo kwa mdomo. Binamu yangu yake imeishia kuning'inia msumarini. Ipo kubwa ya familia ambayo unamwagia maji juu yanashuka yenyewe, hiyo ni habari nyingine na virusi inazuia, Kenya mwaka 2011 waligawa kwa karibu kaya 900,000 kule magharibi, lakini mimi sijaitumia kwa hiyo siisemei.

Kuchemsha mtaniuliza. Kuchemsha kunaua kila kitu, yakishatokota sawasawa dakika moja imetosha, ila niambie kuni kavu utazipata wapi mvua ina wiki mbili, na mkaa ukipatikana bei imeshapanda. Halafu maji ya kuchemsha yakishapoa hayana ulinzi, mtoto akitumbukiza kikombe kichafu yamechafuka, wakati ya klorini yanabaki na dawa kidogo ndani inayoendelea kulinda. Ile ya kuweka chupa ya plastiki angavu juani masaa sita nayo inafanya kazi, maji yawe meupe na jua liwe jua kweli. Masika hayo mawili unayapata lini?

Tuje kwenye harufu, maana hapa ndo vita ilipo. Bibi yangu siku ya kwanza alionja akarudisha kikombe. "Mjukuu wangu, haya maji yananuka hospitali." Nikamwambia ndo dawa hiyo bibi, akasema basi apewe mgonjwa. Mbinu zilizosaidia: nusu saa ikishaisha mimina ndoo moja kwenda nyingine mara mbili tatu yapigwe na hewa, na usiyanywe yakiwa ya moto ya jua, weka kivulini ndani. Limao linaondoa ile harufu ila tia kwenye kikombe chako wakati wa kunywa tu, ukikamulia kwenye ndoo unaua klorini yote na ulinzi umekwisha. Bwana afya alikuja na kile kikopo kidogo cha kupimia, unatia maji na kidonge cha kupimia yanageuka pinki, kadiri pinki inavyokolea ndo klorini ilivyo nyingi, akampa bibi ashike mwenyewe. Toka siku ile bibi ndo mkaguzi, anauliza majirani maji yenu yamegeuka pinki?

Mnaosema mbona unakuza mambo, kipindupindu si ugonjwa wa zamani, someni habari za Goma, kule mashariki ya Kongo. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika pale, chini ni mwamba wa lava huwezi kuchimba choo, maji ni ya Ziwa Kivu yanachotwa na kunywewa hivyo hivyo, ndani ya mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Sio risasi hiyo, ni maji. Watu wa Goma hawakusahau. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka lava ikaharibu miundombinu ya maji na mamia ya maelfu wakakosa maji ya bomba, na Januari 2025 vita ilipoingia mjini maji na umeme vikakatika watu wakarudi ziwani. Kitu kimoja cha kule ambacho natamani kingekuwa kwetu ni vituo vya klorini ufukweni, mtu amekaa na ndoo ya dawa na bomba la sindano, kila bidoni (dumu) inayotoka ziwani anaipiga dozi yake papo hapo ndo unaondoka. Hakuna cha kusoma maelekezo wala kusahau, na dozi inapimwa na mtu mmoja anayejua kazi yake. Kwa kambi ya mafuriko yenye sehemu moja ya kuchotea mimi naona hiyo inashinda kugawa vidonge nyumba kwa nyumba.

Beira ya Msumbiji nao, Machi 2019 baada ya kimbunga Idai, kipindupindu kilitangazwa kabla hata Machi haijaisha, wakapata wagonjwa zaidi ya 6,000, lakini vifo havikufika kumi, maana klorini, vituo vya matibabu na chanjo ya matone vilienda kwa pamoja na kwa haraka, chanjo ilianza mwanzoni mwa Aprili. Linganisha na Haiti. Tetemeko la Januari 2010 liliua watu wengi mno, halafu Oktoba mwaka huo huo kipindupindu kikaingia kupitia kambi ya askari wa kulinda amani wa UN, uchafu wao uliingia kwenye mto ambao watu wanakunywa, kikaua karibu 10,000 miaka iliyofuata. Malawi mlipuko wao wa kipindupindu ulianza 2022, Machi 2023 kimbunga Freddy kikaja juu yake, kipindupindu kikaua zaidi ya 1,700.

Na kuna utafiti mmoja nilitumiwa na rafiki anayefanya kazi kwenye mambo ya misaada, wa Lantagne na Clasen wa 2012, walifuatilia dawa za maji zilizogawiwa kwenye dharura Nepal, Indonesia, Kenya na Haiti. Waliingia majumbani wakapima maji yenyewe, hawakuishia kuhesabu maboksi yaliyogawiwa. Waliokuwa wanaitumia ikawafaa kweli ni kuanzia asilimia 0, ndio sifuri, mpaka 67.5 kwa ile iliyofanya vizuri kuliko zote. Na zilizofanya vizuri zilikuwa ni zile ambazo watu walikuwa wanazijua tangu kabla ya janga, wakapewa na vifaa vyake na mtu wa kuwaelekeza. Nikasoma nikacheka peke yangu, maana hiyo ni kambi yetu kabisa. Nyumba ambazo zilikuwa zinatumia WaterGuard siku za kawaida hazikuyumba, zilipopata kidonge zilijua cha kufanya. Waliokiona kidonge kwa mara ya kwanza siku wamepoteza nyumba, kwa nini wakiamini?

Ndo maana jibu langu kwa wanaouliza ninunue nini ni kwamba nunua vidonge sasa hivi jua linawaka, mvua hakuna, na uanze kutibia maji yako ya kunywa sasa hivi. Weka strip mbili tatu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mfuko uwe pamoja na vyeti vya watoto na kadi ya bima, kitambaa cha pamba kimoja, kijiwe cha shabu. Ukipewa vya unga kwenye msaada vipokee kwa mikono miwili na utafute ndoo mbili. LifeStraw ukipewa zawadi sema asante.

Ambayo dawa hizi zote haziwezi, msije mkanilaumu. Chumvi haitoki. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 visima vya Aceh kule Indonesia viliingiliwa na bahari na hakuna kidonge kilichosaidia, kwa hiyo ndugu zangu wa delta huko chini ambako maji chumvi yanapanda, msipoteze vidonge, ni maji ya boza au ya mvua tu. Mafuta ya petroli na dawa za mashambani hazitoki pia, kisima kilichokuwa karibu na stoo ya viuatilifu kiacheni. Na kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu kinaogelea kwenye klorini bila wasiwasi, Milwaukee Marekani 1993 kiliingia kwenye maji ya bomba yaliyokuwa na klorini yake vizuri tu na zaidi ya watu 400,000 wakaumwa matumbo. Hicho unakiweza kwa kuchemsha, au kwa chujio zuri, na ya unga inakipunguza kwa sababu inakikamata kwenye vile vibonge.

Mwisho kabisa wale wa Jik, maana najua mpo na mtauliza. Ndiyo ni klorini. Hapana sikushauri upime mwenyewe, nguvu ya chupa moja na nyingine hazifanani na nyingine imekaa dukani mpaka imechoka, kama hakuna kingine kabisa mtafute bwana afya au nesi wa zahanati akupigie hesabu kwa chupa uliyonayo mkononi. Na ile yenye harufu ya maua au limao ni ya chooni, hata uhakikishiwe na nani. Mtoto wa chini ya miezi sita yeye haguswi na haya yote, ni maziwa ya mama tu, maji safi anapewa mama anayenyonyesha na apewe mengi. Picha za pakiti naomba sasa mnitumie mkiwa mmeshageuza upande wenye idadi ya lita na tarehe, mbele nimeshapaona.